Zege Halilali, na Karatasi Nayo Isilale

Mafundi wa Dar es Salaam wana msemo: zege halilali. Likishachanganywa lazima limwagwe na kusawazishwa siku hiyohiyo, hata kama ni usiku wa manane na taa ni ya kuazima kwa jirani. Msemo huo ulitoka saiti ukaingia mitaani, na siku hizi hata anayesuasua kupeleka posa huambiwa hivyohivyo.

Marekani nako zege halilali. Kanuni iliyofuatwa huko kwa miaka mingi ilitaka zege liwe limeshushwa ndani ya dakika 90 tangu maji yakutane na saruji. Sasa chukua asubuhi moja ya kawaida. Lori limefika, pampu imekodiwa kwa saa, mafundi sita wamekwisha kuvaa buti za mpira. Kisha mtu anauliza, mkaguzi wa jiji ameshakuja kuangalia nondo? Hajaja. Bila sahihi yake hakuna ruhusa ya kumwaga. Aliyefunga nondo alizifunga vizuri, na aliyechanganya zege alilichanganya sawasawa. Kilichokosekana ni simu moja iliyopaswa kupigwa jana yake.

Mwenye jukumu la simu hiyo ni msimamizi wa ujenzi. Ramani huchora msanifu, ukubwa wa nguzo hukokotoa mhandisi, tofali hupanga mwashi. Msimamizi hushika muda, fedha, watu na kumbukumbu zao, ili hao wote wakutane mahali pamoja siku inayotakiwa. Nchini Marekani kazi hiyo inasomewa katika vyuo vikuu, na inasomewa pia katika vyuo vya jamii, ambavyo ndugu zetu wengi walio huko hupita mbele ya milango yake kila siku bila kujua kilichomo.

Chuo cha mtaani kwako

Msomaji wa Tanzania asikichanganye chuo cha jamii na vyuo vyetu vya maendeleo ya wananchi. Chuo cha jamii cha Marekani hutoa elimu ya juu ya miaka miwili, kwa ada nafuu, kwa watu wa eneo kilipo. Cha kwanza cha umma ambacho kingali hai ni Joliet Junior College cha Illinois, kilichoanzishwa mwaka 1901. Leo viko takriban 1,000 nchi nzima. Mlango wake ni mpana: mwenye cheti cha sekondari au kinacholingana nacho hupokelewa, hupimwa hesabu na Kiingereza, na akionekana kupungukiwa hupewa masomo ya kumwinua palepale chuoni.

Ada ya wastani ni kama dola 4,000 kwa mwaka kwa mkazi wa eneo hilo, wakati chuo kikuu cha umma cha jimbo hutoza zaidi ya dola 11,000. Aliye raia, au mwenye ukaazi wa kudumu, na kipato chake ni kidogo, anaweza kuomba ruzuku ya serikali kuu iitwayo Pell Grant. Kiwango chake cha juu kwa mwaka wa masomo 2024–25 kilikuwa dola 7,395, na haidaiwi kama mkopo.

Masomo ya usimamizi wa ujenzi hupatikana katika vyuo vya namna hii kama Columbus State kule Ohio na Northern Virginia jirani na Washington. Shahada ya miaka miwili huhitaji krediti zipatazo 60, na kwa vipimo vya nyumbani iko karibu na stashahada. Mara nyingi yako madarasa ya jioni, kwa hiyo mtu hutoka saiti na vumbi lake akaingia darasani.

Kusoma ramani upya

Fundi aliyezoea saiti za Mbagala au Bukavu hudhani somo la kusoma ramani atalipita akisinzia. Kumbe hapo ndipo anapoanza upya. Kwetu ramani huchorwa kwa uwiano wa moja kwa 50 au moja kwa 100, na vipimo ni milimita. Huko robo ya inchi kwenye karatasi ni futi moja ardhini, yaani moja kwa 48. Nondo haitajwi kwa milimita: namba 4 ni nusu inchi, kwa sababu kila namba ni sehemu ya nane ya inchi. Mbao iitwayo mbili kwa nne ukiipima utakuta ni inchi moja na nusu kwa tatu na nusu, maana jina ni la kabla haijakaushwa na kupigwa randa. Anayepanga ukuta wake kwa jina la mbao badala ya kipimo chake ataona milango inakataa kuingia.

Baada ya ramani huja ukadiriaji, somo ambalo mimi mkadiriaji nalipenda kuliko yote. Mwalimu huanza na swali jepesi: jamvi la gereji, futi 30 kwa 40, unene inchi 4. Zege ngapi? Mwanafunzi mwenye haraka huzidisha zote tatu akapata 4,800, akagawa kwa 27 kwa kuwa yadi moja ya ujazo ina futi 27 za ujazo, akaagiza malori 18 kwa gereji moja. Inchi 4 ni theluthi ya futi. Jibu ni futi 400 za ujazo, yaani yadi 14.8, na ukiongeza asilimia nane ya kumwagika na mashimo ya ardhini unapata yadi 16.

Hesabu ikiisha hapo, ni hesabu ya shule. Ya msimamizi inaendelea. Lori moja kwa kawaida hubeba yadi kama kumi, kwa hiyo yanahitajika mawili. Yakifika pamoja, la pili litasubiri huku dakika zake 90 zikiyoyoma. La pili likichelewa sana, zege la kwanza litakuwa limeanza kushika, na mahali yanapokutana patabaki mshono dhaifu utakaopitisha maji miaka yote. Basi la pili lifike saa ngapi? Inategemea mafundi wangapi wanasawazisha, pampu ina kasi gani, na barabara ya kutoka kiwandani ina foleni kiasi gani. Swali la kidato cha pili limegeuka kuwa swali la watu na barabara.

Siku isiyookolewa na vibarua kumi

Somo la ratiba hukaa juu ya wazo lililopikwa mwishoni mwa miaka ya 1950 katika kampuni ya kemikali ya DuPont, pale wataalamu walipotafuta njia ya kupanga kazi za viwanda kwa kompyuta za wakati ule. Wazo lenyewe halihitaji kompyuta. Nyumba ina msingi wa siku 10, kuta za siku 20, paa la siku 8. Jumla siku 38. Madirisha yanatengenezwa kwa oda, na kiwanda kinasema siku 50. Hata ukiyaagiza siku ya kwanza kabisa, paa litakwisha na utakaa siku 12 ukitazama matundu.

Mwenye nyumba akija na hasira atasema ongeza mafundi. Ukiongeza kumi kwenye kuta, hujaokoa hata siku moja, umeongeza siku za kungoja tu. Katika nyumba hii kuta zina siku 12 za kupumua, na madirisha hayana hata moja. Mfuatano wa kazi zisizo na siku ya kupumua ndio unaoamua nyumba itakwisha lini, na mwanafunzi hufundishwa kuutafuta kwanza kabla ya kumsemesha fundi yeyote. Mara nyingi hugundua kwamba kinachochelewesha jengo hakipo saiti kabisa. Kipo kwenye oda ambayo haijatiwa sahihi.

Usalama nao ni somo kamili, na vyuo vingi humwezesha mwanafunzi kupata kadi ya mafunzo ya saa 30 ya OSHA, wakala wa serikali kuu wa usalama kazini. Hutajiwa vifo vinne vikuu vya saiti: kuanguka, kugongwa na kitu, kubanwa, na umeme. Kisha huja vipimo vya kukariri. Anayefanya kazi ya ujenzi kwenye urefu wa futi 6 au zaidi lazima akingwe asianguke. Mtaro wenye kina cha futi 5 au zaidi lazima uwe na kinga ya kuta zake, labda uwe umechimbwa kwenye mwamba imara. Wenzetu waliozoea kuchimba mashimo ya vyoo ya mita sita kwa sururu na kamba huona hilo ni deko. Yadi moja ya ujazo ya udongo inaweza kuwa na uzito wa gari dogo, na ikishuka haimpigii mtu kelele.

Ndoo mbili za Kansas City

Yote hayo fundi mzoefu angeweza kuyaokota kazini kwa miaka. Kinachomfaidi zaidi darasani ni somo analolichukia kuliko yote: mikataba na nyaraka. Ili aelewe kwa nini lipo, hupewa kisa kinachofundishwa karibu kila shule ya uhandisi na ujenzi Marekani.

Jioni ya tarehe 17 Julai 1981, ukumbi wa hoteli ya Hyatt Regency mjini Kansas City ulikuwa umejaa watu kwenye dansi. Juu yao palikuwa na madaraja ya ndani ya kupitia, yaliyoning'inizwa kwa fimbo za chuma kutoka darini. La ghorofa ya nne na la ghorofa ya pili lililokuwa chini yake yaliporomoka pamoja. Walikufa watu 114, na zaidi ya 200 wakajeruhiwa.

Mchoro wa awali ulitaka fimbo ndefu moja ishuke kutoka darini, ipite daraja la juu, ifike la chini. Ugumu ukawa kwenye kuchonga hesi za nati katika sehemu ndefu ya fimbo hiyo. Katika michoro ya utengenezaji ikaingia badiliko: fimbo mbili fupi, moja kutoka darini hadi daraja la juu, nyingine kutoka daraja la juu hadi la chini. Kwa macho ni kitu kilekile. Chukua ndoo mbili za maji na kamba moja. Ukizifunga zote mbili kwenye kamba, kila fundo linabeba ndoo yake. Ukiifunga ya pili chini ya kitako cha ya kwanza, fundo la kwanza linabeba maji ya ndoo zote mbili. Nati za daraja la juu zilitwishwa mzigo maradufu, na uchunguzi ulionyesha kwamba hata mchoro wa awali haukufikia kiwango cha kanuni za jiji.

Michoro yenye badiliko hilo ilipita mikononi mwa watu ikagongwa muhuri, pasipo yeyote kukokotoa upya kiungo kile. Ndiyo maana mwanafunzi hufundishwa kwamba badiliko la saiti haliamuliwi kwa kuitikia kichwa. Linaandikwa kama ombi la ufafanuzi lenye namba, tarehe na mchoro, linapelekwa kwa mwenye mamlaka ya kujibu, na jibu linahifadhiwa pamoja na swali. Wahenga wetu walishasema, mali bila daftari hupotea bila habari. Kwetu methali hiyo huachiwa wenye maduka, ilhali kwenye saiti kinachopotea chaweza kuwa zaidi ya mali.

Kabla ya kujiandikisha

Kuna mambo mawili ambayo tangazo la chuo halitayaandika kwa herufi kubwa. La kwanza ni cheo. Mapato ya kati ya msimamizi wa ujenzi Marekani yalizidi dola 100,000 kwa mwaka 2023, lakini takwimu za serikali huitaja shahada ya kwanza, ile ya miaka minne, kuwa elimu ya kawaida ya kuingilia kazi hiyo. Mwenye miaka miwili huanzia chini: mkadiriaji msaidizi, msaidizi wa msimamizi wa saiti, mtunza nyaraka za mradi. Kwa aliyewahi kushika timazi na chepe, ngazi hizo hupandika, maana anaweza kuzungumza na mafundi lugha yao.

La pili ni krediti. Shahada za miaka miwili si za aina moja. Iko inayokusudiwa kumpeleka mtu kazini moja kwa moja, na iko inayokusudiwa kumpeleka chuo kikuu mwaka wa tatu. Mtu akichukua ya kwanza kisha akataka kuendelea, huenda akaambiwa nusu ya masomo yake hayahesabiki. Kabla ya kulipa hata dola moja, uliza chuo kina makubaliano ya kuhamisha krediti na chuo kikuu kipi, na uombe kuyaona kwa maandishi. Uliza kama programu imeidhinishwa na ACCE, baraza la elimu ya ujenzi lililoanzishwa mwaka 1974. Nenda na vyeti vyako vya ufundi vya nyumbani, viwe vya VETA au vya kwingineko, kwa kuwa vyuo vingi vina utaratibu wa kupima ujuzi ambao mtu ameshakuja nao.

Asiyejua kama kazi hii inamfaa anaweza kujipima bila ada. Popote anapofanya kazi, iwe anabeba mbao Ohio au anapiga lipu Kigamboni, anunue daftari na kila jioni, kabla ya kula, aandike siku ya saiti ilivyokwenda. Akiona ni adha, abaki na ufundi wake, nao una heshima yake. Akijikuta baada ya wiki mbili anajua kazi ya kesho itakwama wapi, akajiandikishe. Ukurasa wake utafanana na huu:

Jumanne. Mvua kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa nne. Maseremala watano, vibarua watatu. Nondo namba 4 zimeletwa saa tatu, vipande 60. Vinane vimepinda, vimerudishwa. Mkaguzi amepigiwa simu saa saba mchana, atakuja kesho saa moja asubuhi. Zege keshokutwa.