Vijana walinda ndege katika mashamba wasiyoyamiliki

Na MWANDISHI WETU

WAKENYA wengi wakitajiwa wanyamapori, fikira zao hukimbilia Maasai Mara, Tsavo au Amboseli. Huwaona ndovu, simba na vifaru. Huona pia askari wa Shirika la Huduma kwa Wanyamapori (KWS) akiwa na bunduki begani, na lango ambapo mgeni hulipa kabla ya kuruhusiwa kuingia.

Lakini yupo kiumbe mmoja wa Kenya asiye na lango, asiye na ua na asiye na askari. Ni ndege mdogo, aliyemzidi shomoro kidogo tu kwa ukubwa, na duniani kote hapatikani kwingine ila humu nchini. Ngome yake kuu ni uwanda wa Kinangop katika Kaunti ya Nyandarua, mahali ambapo mtu hufika kwa matatu kutoka Nairobi na kurudi siku iyo hiyo. Ndege huyu haishi mbugani. Anaishi katika mashamba ya watu.

Kwa sababu hiyo, walinzi wake wa kwanza wamekuwa vijana wa vijiji vya huko huko, wanaofanya kazi hiyo kwa kujitolea. Na hapo ndipo penye mtihani mkubwa, kwani aghalabu kijana wa Kinangop hana shamba. Shamba ni la baba.

Wataalamu humwita ndege huyu Macronyx sharpei. Sisi tutamwita kucha-ndefu, kwa kuwa ukucha wake wa nyuma ni mrefu kupita kiasi na humsaidia kutembea juu ya nyasi. Mgongo wake ni wa rangi ya kahawia yenye michirizi, kiasi kwamba akiinama huwezi kumtofautisha na majani makavu. Akigeuka ndipo utakapoona kifua cha manjano. Akiruka, pembe za mkia huonyesha weupe, kisha hutua tena hatua chache mbele na kupotelea nyasini.

Chakula chake ni wadudu, wakiwemo panzi na mbawakawa. Hujenga kiota chini kabisa, penye kivuli cha zile nyasi ngumu zinazoota kwa mafungu-mafungu kama mashungi. Mashungi hayo yakiondolewa, hana pa kuficha mayai yake. Hawezi kuhamia kwenye viazi wala kwenye mikaratusi. Ni ndege wa nyasi fupi zenye mashungi, basi. Ukilima nyasi, umemlima na yeye.

Ardhi iligawanywa, nyasi zikapungua

Ili kuelewa jinsi ndege huyu alivyoingia hatarini, ni lazima turudi nyuma kidogo. Wakati wa ukoloni, sehemu kubwa ya Kinangop ilikuwa mikononi mwa walowezi waliofuga kondoo na ng'ombe katika mashamba makubwa. Mwanzoni mwa miaka ya 1960, Kenya ilipokaribia Uhuru na baada ya hapo, mashamba hayo yaligawanywa kwa Waafrika chini ya mipango ya makazi. Familia zilizokuwa hazina hata mahali pa kuzika wafu wao zikapata ardhi.

Hiyo ilikuwa haki, na hakuna anayeweza kuwalaumu waliopewa. Lakini shamba ambalo baba alipewa likiwa moja, wana waligawana likawa manne, na wajukuu wakazidi kulipunguza. Ng'ombe wa maziwa alibaki na kipande kidogo cha malisho. Pengine pote palipandwa viazi, kabeji, karoti na minji. Mikaratusi nayo ikasimamishwa mipakani kwa ajili ya kuni na nguzo.

Leo kucha-ndefu yumo katika orodha ya dunia ya viumbe walio katika hatari ya kuangamia. Hakuna jangili aliyempiga risasi, wala pembe au ngozi yake haiuzwi popote. Anaangamizwa na jembe, na mwenye jembe ni mzazi anayetafuta karo ya shule.

Jambo hili halimhusu ndege wa Kinangop peke yake. Serikali ilipiga marufuku uwindaji humu nchini mwaka wa 1977. Hata hivyo, utafiti uliochapishwa mwaka wa 2016 ulionyesha kwamba tangu mwaka huo wa marufuku, idadi ya wanyama wakubwa katika maeneo ya malisho ya Kenya ilikuwa imepungua kwa wastani wa asilimia 68. Sababu mojawapo ni hiyo hiyo ya ardhi: nyua, mashamba, mifugo na makazi. Zaidi ya nusu ya wanyamapori wetu huishi nje ya mbuga, na huko nje askari wa KWS hana lango la kusimamia. Anayeweza kusimama huko ni jirani.

Kazi yenyewe ni ipi?

Mwishoni mwa miaka ya 1990, vijana na wakulima kadhaa wa Kinangop waliungana wakaunda kundi la Friends of Kinangop Plateau, yaani marafiki wa uwanda huo. Waliungwa mkono na shirika la Nature Kenya, ambalo mizizi yake ni chama cha wapenzi wa viumbe kilichoanzishwa mwaka wa 1909. Makundi ya namna hiyo yameundwa katika maeneo mengi ya Kenya yanayotambuliwa kuwa muhimu kwa ndege.

Huenda msomaji akauliza: kumlinda ndege maana yake ni kufanya nini hasa?

Kwanza ni kuhesabu. Ndege wa nyasini hawezi kuhesabiwa kwa kukaa barazani. Wanaohesabu hupanga mstari, wakaachana hatua kadhaa, kisha wakatembea pamoja kulikata shamba kutoka upande mmoja hadi mwingine. Ndege akifurushwa huandikwa: wangapi, saa ngapi, nyasi zilikuwa za urefu gani, na shamba la jirani lina nini. Kinangop ni nyanda za juu zilizopakana na milima ya Aberdare. Asubuhi huko ni ya baridi na umande mwingi, na asiye na buti za mpira hurudi nyumbani suruali ikiwa imelowa hadi magotini.

Hesabu hiyo isiporudiwa mwaka baada ya mwaka haina maana. Mtafiti atokaye ng'ambo huja kwa msimu mmoja, akaandika kitabu, akaenda zake. Kijana wa mahali pale hubaki. Yeye ndiye anayejua kwamba malisho ya fulani, yaliyokuwa na jozi mbili za ndege, yamelimwa Machi mvua zilipokaribia.

Pili ni kuzungumza. Kijana huyu huingia shuleni kuwaeleza wanafunzi. Husimama katika mkutano wa chifu au wa kikundi cha wakulima wa maziwa. Tena huzungumza na wazee kwa lugha yao, akijua nani aamkiwe kwanza na nani hapendi kukatizwa maneno. Kazi hii haiwezi kufanywa na mgeni mwenye gari kubwa, hata awe na shahada ngapi.

Tatu, na hapa ndipo vijana hao walipoonyesha busara, ni kuzipa nyasi thamani. Hakuna mkulima atakayeacha malisho bila kulimwa kwa sababu ya ndege anayependeza macho tu. Lakini malisho yanayolisha ng'ombe wa maziwa na kondoo wa sufi ni mali. Ndiyo maana huko Njabini kulianzishwa kazi ya kusokota na kufuma sufi, ili mwenye kondoo apate soko na mfumaji apate riziki. Kondoo huzifanya nyasi ziwe fupi kama kucha-ndefu apendavyo, mradi wasizidi kiasi na kuyamaliza mashungi. Kwa upande wake, Nature Kenya ilinunua vipande vya ardhi katika uwanda huo ili visalie nyasi.

Mtihani wa nyumbani

Pamoja na hayo, si rahisi kwa kijana kuaga nyumbani asubuhi akisema anakwenda kuhesabu ndege. Wazazi waliouza ng'ombe ili amalize shule ya upili hutarajia kumwona akitafuta kazi. Majirani nao huuliza kama ndege wameanza kulipa mshahara. Msichana huulizwa zaidi, kwani kuna watu wanaoamini kwamba kuzunguka mashambani na daftari si kazi ya mtoto wa kike.

Maswali hayo si ya ujinga. Kujitolea ni jambo jema, lakini anayejitolea hula, huvaa na huugua kama watu wengine. Mashirika mengi hupenda kusifu moyo wa vijana, kisha yakasahau nauli yao. Darubini moja huzungushwa mikononi mwa watu kumi. Vijana wakimaliza msimu mmoja au miwili hivi, baadhi huondoka kwenda mjini kutafuta vibarua, na ujuzi wote waliokusanya huondoka nao. Anayekuja baadaye huanza upya.

Lakini upo ushahidi kwamba njia hii haiishii gizani. Miongoni mwa waliozaliwa Kinangop na kuanza kwa kumfuatilia kucha-ndefu, wapo waliosonga mbele kielimu na kuwa watafiti wa ndege. Wengine nchini wamekuwa waelekezaji wa watalii. Huko kusini mwa milima iyo hiyo ya Aberdare, vijana wa Kijabe na Lari walianzisha kundi la kujitolea liitwalo KENVO katikati ya miaka ya 1990, msitu wao ulipokuwa ukifyekwa kwa ajili ya mkaa na mbao. Walianza na upanzi wa miti. Kundi hilo lilikua likawa shirika linalojulikana, lililowaingiza majirani wa msitu katika ufugaji wa nyuki na shughuli nyingine za kuleta kipato.

Funzo ni lile lile. Kujitolea huanzisha kazi, lakini hakuwezi kuibeba peke yake milele. Mahali ambapo moyo wa vijana uliungwa na riziki ya wakulima, kazi ilidumu. Mahali ambapo waliachiwa sifa tupu, walichoka.

Mjini nako?

Msomaji wa Umoja, Buruburu au Kisauni asidhani kwamba mambo haya ni ya mashambani pekee. Vijana wa Kenya wana historia ndefu katika jambo hili. Vilabu vya wanyamapori, yaani Wildlife Clubs of Kenya, vilianzishwa mwaka wa 1968 na wanafunzi wa shule za upili, na vilikuwa vya kwanza vya aina yake barani Afrika. Wazazi wengi wa leo watakumbuka jarida lao, Komba, lililosomwa shuleni hadi kurasa zikakatika.

Jijini Nairobi, Bi Fleur Ng'weno alianzisha matembezi ya Jumatano asubuhi ya kutazama ndege mwaka wa 1971, na kwa miongo mingi watu wamekutana katika Jumba la Makumbusho kuyaanza. Vijana wengi waliokuja kuwa waelekezaji na watafiti walijifunza huko majina yao ya kwanza ya ndege. Tangu mapema miaka ya 1990 pia, watu wa kujitolea wamekuwa wakienda Naivasha, Nakuru na maziwa mengine kila Januari kuwahesabu ndege wa majini kwa niaba ya taifa. Mwanafunzi aliye na likizo na macho mazuri ana nafasi yake huko.

Kwa mzazi, msaada si mgumu. Mwana akiomba nauli ya kwenda katika shughuli ya klabu, asiambiwe kwamba ni kuzurura. Kwa shule, klabu ya wanyamapori isiwe jina tu kwenye ubao wa matangazo. Kwa wanaoajiri, kijana aliyehesabu ndege kwa miaka mitatu bila kusukumwa ameonyesha subira, unyofu wa kuandika kilichopo, na uwezo wa kuzungumza na wakubwa. Apewe cheti kinachosema hivyo, na cheti hicho kiheshimiwe.

Na kwa wazee wa Kinangop, ombi ni dogo kuliko wanavyodhani. Hakuna anayewataka warudishe mashamba kwa ndege. Wanachoombwa ni wasilime kila inchi, waache kipande cha malisho yenye mashungi kibaki, na wamsikilize mwana aliyekijua kipande hicho kuliko mtaalamu yeyote. Siku moja shamba litakuwa lake. Akilirithi likiwa limeshalimwa lote, atakuwa amerithi ardhi na kumkosa yule ndege aliyekuwa akimlinda tangu ujanani.

Mcheza kwao hutuzwa, walisema wahenga. Vijana wa Kinangop wamecheza kwao kwa zaidi ya miaka 20 sasa. Tuzo ndiyo bado.