Ndege wa Kaskazi, Ndege wa Kusi: Matembezi Kando ya Hori ya Mida

Nyinyi akina mama wa kambini wenye watoto wa likizo na fedha chache za kuwatembeza, leo ukurasa huu unawapeleka pwani. Hatuendi kuogelea wala kununua shanga. Twaenda kutazama ndege, kazi ambayo mimi mwenyewe, hadi miaka michache iliyopita, niliidhania kuwa ya wazee wa Kizungu wenye kofia pana.

Mahali penyewe ni hori ya Mida, nchini Kenya, karibu na Watamu na magofu ya Gede, kusini ya mji wa Malindi. Ni mkono wa bahari ulioingia barani, ukazungukwa na mikoko, na maji yanapokupwa huacha uwanja mpana wa tope na mchanga. Bahari ya Watamu iliwekwa katika hifadhi ya taifa mwaka 1968, na hori hii imo ndani yake. Kutoka upande wa kijiji cha Mida iko njia ya miguu ipitayo katikati ya mikoko, kisha daraja la mbao lililotundikwa juu ya tope, na mwisho wake kibanda ambamo mtazamaji hujificha. Ada ya kupita darajani husaidia kuwalipia karo watoto wa sekondari wa vijiji vya jirani, kwa hiyo usiionee uchungu.

Nilifika huko kwa sababu ya wifi yangu aliyeolewa karibu na Gede. Mume wangu alikuwa Somalia pamoja na majeshi ya Uganda, ambayo yalianza kutumwa huko mwaka 2007, na nyumba bila yeye ilikuwa imetuelemea. Ikawa Desemba nikawachukua watoto watatu, tukasafiri.

Siku ya kwanza tulikosea. Tulikwenda saa tatu asubuhi, maji yamekupwa kabisa, na ndege walikuwa mbali mno, kama pilipili manga zilizomwagwa juu ya mkeka. Watoto wakaanza kuudhika. Kijana aliyetuongoza akacheka kwa adabu, akasema, “Mama, ndege wa hapa hafuatwi. Hungojewa, maji yamlete.”

Maneno hayo yashikeni, maana ndiyo elimu yote ya mahali hapa. Maji yakipwa, ndege hutawanyika kutafuta chakula topeni. Yakianza kujaa, huwasukuma kidogo kidogo kuelekea ukingoni, mpaka wanasimama karibu nawe. Yafaa basi ufike saa mbili au tatu kabla ya maji kujaa. Ukumbuke kwamba kila siku maji huchelewa kwa kadiri ya dakika 50, na kwamba wakati wa bamvua, mwezi ukiwa mpevu au mwandamo, hujaa kwa nguvu na kufunika uwanja wote. Muulize mvuvi yeyote. Atakutajia saa bila kutazama karatasi.

Tuliporudi alasiri tulimwona yule aliyetuteka nyoyo. Ni ndege mweupe mwenye mgongo mweusi, miguu mirefu ya rangi ya kijivu, na mdomo mweusi mnene kuliko inavyomstahili. Wavuvi tuliowauliza walitupa majina matatu yasiyofanana, kwa hiyo mimi namwita mla-kaa, kwani ndiyo kazi yake: humpiga kaa kwa mdomo, humng'oa magando, kisha humeza. Mla-kaa huzaa wakati wa joto kali katika visiwa na fukwe za Ghuba, Oman na Bahari ya Shamu. Hachezi na viota vya majani: huchimba shimo mchangani kama panya, na humo hutaga yai moja jeupe. Kisha huja kwetu pamoja na kinda wake, naye kinda, ingawa amekwisha kuruka safari yote hiyo, bado humfuata mzazi akilia apewe kaa. Binti yangu alicheka sana kuona jambo hilo. Mimi sikucheka sana. Ninaye mmoja wa namna hiyo nyumbani.

Mwanangu wa pili, mwenye miaka 12, alichukua daftari akaanza kuhesabu. Wala-kaa 64. Sululu wenye mdomo uliopinda, 9. Vitwitwi hakuwaweza, kwa kuwa waliruka na kugeuka pamoja kama shuka inayokung'utwa. Miongoni mwa vitwitwi hao wamo wenye mdomo uliopinda kidogo, wazitowao gramu 60 hivi, ambao huzaliwa Siberia kando ya Bahari ya Aktiki, zaidi ya kilomita 8,000 kutoka Mida. Mwaka 2024 wataalamu wa dunia waliwahamishia katika daraja la ndege walio hatarini, kwa kuwa matope wanamopumzika njiani yanafukiwa na kujengwa.

Tulirudi tena Aprili, kaskazi imekwisha na mvua za masika zikianza. Wale vitwitwi tuliowaacha wa kijivu walikuwa wamegeuka wekundu kama matofali, tena wanene, kwa kuwa huweka mafuta mwilini kabla ya safari. Jioni moja kundi lilipaa, likazunguka mara mbili, likashika njia ya kaskazini. Mwezi huo ndio tuliotazamia mume wangu arudi. Badala yake ikaja habari kwamba kikosi chake kimeongezewa muda. Mtoto aliandika daftarini “wameondoka”, asiseme neno.

Kuhusu Julai sitakaa sana. Kusi huvuma, bahari huchafuka, na anayekwenda asitazamie makundi. Wamo yangeyange, wamo mdiria wakivizia juu ya mikoko, na wamo wala-kaa wachache wa mwaka uliopita, ambao hawajafikia umri wa kuzaa na hawaoni haja ya kusafiri. Ila njia huwa tupu na tulivu, na watoto wadogo huruhusika kupiga kelele.

Mchukue maji ya kunywa, kofia, na viatu visivyoogopa tope. Nguo nyeupe muache nyumbani. Darubini ya kuazima kwa jamaa wa kikosini yatosha. Msikubali mtoto awakimbize ndege ili kuwaona wakiruka: kila wanaporushwa hupunguza mafuta yale yale wanayoyahitaji kufika Siberia.

Katika barua zake mume wangu alikuwa ametueleza kwamba karibu na kambi yao, ufukoni, wapo ndege weusi na weupe wenye mdomo mnene. Mwishoni mwa Agosti wifi alituma habari kwamba wala-kaa wa kwanza wameingia Mida, 11 na kinda mmoja. Baba alirejea Septemba, usiku, mvua ikinyesha. Mwanangu alimfungulia mlango, akampokea begi, na kabla hajavua buti akamwuliza ni wangapi aliowahesabu kule.

“Sikuhesabu, mwanangu,” akasema. Akafikiri kidogo. “Lakini walikuwa wengi.”

Yakaandikwa hivyo hivyo daftarini.