Daftari Lisilofutika na Mlango wa Kontena

Kontena limeshushwa bandarini Mombasa, na hati zake zinaonyesha kwamba linakwenda Kampala. Kwa kuwa ni mzigo wa kupita, unasafiri chini ya dhamana: Kenya haiutozi ushuru, kwa matarajio kwamba utatozwa unakokwenda. Kati ya bandari na mpaka wa Malaba kuna zaidi ya kilomita 900 za barabara, kupitia Mariakani, Voi, Mtito Andei, Nairobi, Nakuru na Eldoret. Mzigo huo ukipakuliwa usiku mahali fulani njiani na kuuzwa humohumo Kenya, muuzaji anabaki na faida iliyo sawa na ushuru ambao haukulipwa popote. Magendo ya aina hii ni ya zamani kuliko kompyuta.

Forodha, kwa hiyo, ina maswali mawili. La kwanza: kontena liko wapi sasa hivi? La pili: mwezi ujao, mzozo ukifika mahakamani, nani atakubali kwamba kumbukumbu za safari hazikuguswa? Vifaa vilivyounganishwa na intaneti hujibu swali la kwanza. Blokicheni, daftari la kidijitali ambalo tutalieleza hapa chini, huuzwa kama jibu la swali la pili. Katika matangazo ya biashara maswali haya hutajwa kwa pumzi moja, kana kwamba anayejibu moja amejibu yote. Tuyachukue moja baada ya jingine.

Tuanze na kifaa. Lakiri ya kielektroniki, ambayo madereva huiita sili, ni kisanduku kinachofungwa kwenye vyuma vya mlango wa kontena. Ndani yake mna betri, kipokezi cha GPS na laini ya simu kama iliyo mfukoni mwa dereva. Waya wa chuma hupita kwenye komeo la mlango na kurudi kisandukuni. Ukikatwa au kuchomolewa, kifaa hutambua na kutuma ujumbe. Hata pasipo na tatizo, kila baada ya muda mfupi hutuma mstari mmoja: namba ya lakiri, saa, latitudo, longitudo, hali ya waya, nguvu ya betri. Katika chumba cha uangalizi njia halali imechorwa kwenye ramani. Lori likiacha njia hiyo, au likisimama muda mrefu mahali pasipostahili, tahadhari hutokea kwenye skrini na askari wa doria hutumwa.

Kenya, Uganda na Rwanda ziliunganisha ufuatiliaji wa namna hii katika mfumo mmoja wa kikanda mwaka 2017, ili lori moja lisibadilishiwe lakiri kila linapovuka mpaka. Tukumbuke mfano huu, maana tutaurudia: mfumo huo ulianza kazi bila kutegemea blokicheni.

Lakini lakiri imejuaje iko wapi? Setilaiti za GPS huzunguka dunia zikiwa juu kiasi cha kilomita 20,200, na kila moja hutangaza saa yake bila kukoma. Kipokezi hulinganisha saa ya kutumwa na saa ya kupokelewa, huzidisha tofauti hiyo kwa kasi ya mwanga, na kupata umbali. Umbali kutoka setilaiti tatu ungetosha kujua mahali, ila saa ya kipokezi ni ya bei nafuu na hukosea. Setilaiti ya nne inahitajika kusahihisha saa hiyo. Usahihi wa saa ni jambo kubwa hapa: kosa la sehemu moja ya milioni ya sekunde ni kosa la mita 300.

Zingatia kwamba katika kazi hii yote kipokezi husikiliza tu. Hakimuulizi yeyote swali, na kwa miaka mingi mawimbi ya GPS yaliyo wazi kwa raia hayakuwa na saini ya kuthibitisha yametoka wapi. Isitoshe, yanafika ardhini yakiwa dhaifu sana. Mtu mwenye kifaa kidogo cha kuvuruga mawimbi anaweza kukiziba kipokezi masikio, na mwenye ujuzi zaidi anaweza kukirushia mawimbi ya kughushi. Mwezi Juni 2017, meli zaidi ya 20 zilizokuwa Bahari Nyeusi zilionyeshwa na vipokezi vyake kwamba ziko nchi kavu, kwenye uwanja wa ndege wa Gelendzhik nchini Urusi. Vipokezi havikuwa vimeharibika. Vilipokea uongo na kuukokotoa kwa usahihi.

Kwa sababu hiyo, wanaofanya kazi hii kwa makini hawauchukulii ushahidi wa kifaa kimoja kuwa uthibitisho wa mahali. Hutafuta mashahidi wasiofahamiana. Mnara wa simu uliopokea ujumbe wa lakiri una mahali pake panapojulikana. Mizani za Mariakani, Athi River na Gilgil huandika namba ya gari na saa lilipopimwa. Mwendo nao ni shahidi: lori lililopimwa Mariakani saa mbili asubuhi haliwezi kuwa Nakuru saa tatu. Ipo pia njia ya kuuliza na kujibu kwa redio. Kituo hutuma swali, lakiri hujibu papo hapo, na muda uliopita hupimwa. Mdanganyifu anaweza kulichelewesha jibu ili aonekane yuko mbali zaidi, lakini hawezi kuliharakisha likaishinda kasi ya mwanga ili aonekane yuko karibu. Mahali panathibitika pale ushahidi wa vyanzo mbalimbali unapokubaliana, na pale ambapo kuvighushi vyote kwa pamoja ni kazi ghali kuliko faida ya magendo.

Sasa tulichukue swali la pili, la kumbukumbu. Hapa kuna neno moja la kufafanua kwanza: heshi. Heshi ni mfuatano wa tarakimu unaopatikana kwa kupitisha maandishi yoyote katika kanuni maalumu ya hesabu. Kanuni inayotumika sana, SHA-256, hutoa jibu la urefu uleule, herufi na tarakimu 64, uwe umeingiza neno moja au kitabu kizima. Andika “Voi”, kisha andika “Vio”, na majibu mawili hayatafanana hata kidogo. Wala huwezi kuanza na heshi ukayarudia maandishi. Ni kama alama ya kidole gumba kwenye hati ya shamba: inatosha kumtambua mwenyewe, lakini haionyeshi sura yake.

Chukua daftari, na juu ya kila ukurasa mpya uandike heshi ya ukurasa uliotangulia. Mtu akibadilisha mstari mmoja katika ukurasa wa tatu, heshi ya ukurasa huo haitalingana tena na iliyoandikwa juu ya ukurasa wa nne, na kwa kuirekebisha atalazimika kubadilisha wa nne, wa tano, na kuendelea mpaka mwisho. Wazo hili lilichapishwa mwaka 1991 na wanasayansi wawili wa Marekani, Stuart Haber na Scott Stornetta. Kuanzia katikati ya miaka ya 1990 kampuni yao ikawa inachapisha heshi za aina hiyo katika matangazo madogo ya gazeti la New York Times. Ujanja wake ni rahisi: atakayetaka kughushi itabidi akusanye kila nakala ya gazeti kutoka kila maktaba na kila nyumba.

Bitcoin, sarafu ya kidijitali iliyoanza mwaka 2009, ilichukua wazo hilo na kuliweka gazeti kando. Badala yake kuna maelfu ya kompyuta, kila moja ikiwa na nakala ya daftari zima, pamoja na kanuni ya kukubaliana ukurasa upi unafuata. Blokicheni, basi, ni daftari ambalo kurasa zake zimefungamana kwa heshi, nakala zake ziko mikononi mwa wengi, na hakuna ukurasa unaoongezwa bila wenye nakala kukubaliana.

Turudi barabarani. Tuseme Jumatatu saa nane usiku lakiri imeripoti kwamba mlango ulifunguliwa karibu na Salgaa, kati ya Nakuru na Eldoret. Ijumaa mtu mwenye nywila ya seva anapewa bahasha ili aufute mstari huo. Kwenye seva ya kawaida, yenye mlinzi mmoja, huenda akafanikiwa. Kwenye daftari ambalo nakala zake ziko pia kwa forodha ya Uganda, kwa kampuni ya bima na kwa mwenye mzigo, heshi zitagongana na ufutaji utaonekana. Hiyo ndiyo huduma ya kweli ya blokicheni, na si ndogo: humzuia mtu kubadilisha jana.

Lakini haimzuii kudanganya leo. Wezi wa mizigo wana mbinu ambayo haihitaji kompyuta: wanaiacha lakiri kama ilivyo na kufungua bawaba za mlango. Waya haukukatwa, ujumbe unasema mlango umefungwa, na daftari linauhifadhi ujumbe huo kwa uaminifu kamili, nakala kwa nakala, huku shehena ikihamia lori jingine.

Udhaifu huohuo uko kwenye madini. Katika Maziwa Makuu magunia ya koltani hufungwa lebo zenye namba, ili mnunuzi ajue yametoka mgodi gani. Hata hivyo, ripoti za wataalamu wa Umoja wa Mataifa zimeeleza zaidi ya mara moja jinsi madini yaliyovushwa kimagendo kutoka mashariki mwa Kongo yalivyochanganywa na ya Rwanda kabla ya kuuzwa nje. Lebo inaweza kuwa halisi na gunia likawa na kitu kingine. Kati ya kitu na namba yake kuna mkono wa mtu, na heshi haina macho ya kuutazama mkono huo.

Kahawa inatuonyesha upande mwingine wa jambo hili. Kanuni ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2023 kuhusu bidhaa zinazotokana na ukataji wa misitu inataka mnunuzi ajue viwianishi, yaani latitudo na longitudo, vya shamba lililotoa kahawa, kwa tarakimu sita baada ya nukta. Karibu na Ikweta tarakimu ya sita ni takriban sentimita 11, ilhali simu ya mkononi inayochukua kipimo hicho inaweza kukosea kwa mita kadhaa. Zaidi ya hapo, viwianishi vinasema shamba liko wapi. Havisemi kama buni iliyo ndani ya gunia hili ilichumwa kwenye shamba hilo au kwa jirani, hasa pale kahawa ya wakulima wengi inapokusanywa na kukobolewa pamoja.

Kuna pia suala la nani anashika daftari. Mwaka 2018 kampuni ya meli ya Maersk na kampuni ya kompyuta ya IBM zilizindua TradeLens, mfumo wa hati za mizigo ya baharini uliojengwa juu ya blokicheni. Mwishoni mwa Novemba 2022 zilitangaza kuufunga, zikieleza kwamba ushirikiano wa sekta nzima haukupatikana. Kampuni nyingine za meli zilikuwa zinaalikwa kuandika biashara zao kwenye daftari lililoanzishwa na mshindani wao. Kanuni za hesabu zinaweza kulinda kurasa, lakini haziwezi kumshawishi mtu aketi mezani.

Mafanikio nayo yapimwe kwa utulivu. Mfano unaotajwa mara nyingi ni wa maembe ya Walmart, kampuni ya maduka ya Marekani: kulitafuta shamba lililotoa pakiti moja ya maembe yaliyokatwa kulichukua karibu siku saba, na baada ya jaribio la blokicheni kukachukua sekunde 2.2. Tofauti ni kubwa, ila siku saba zile zilitumika kufukua karatasi na kupiga simu. Sehemu kubwa ya muda uliookolewa ni matunda ya kuandika kila hatua kwenye kompyuta kwa utaratibu mmoja, jambo ambalo hifadhidata ya kawaida pia hulifanya.

Sasa tunaweza kutoa uamuzi. Anayeletewa mfumo wa aina hii aulize kwanza nani anaandika mstari wa mwanzo, na ana faida gani akiuandika kwa uongo. Kama jibu halijulikani, fedha ziende kwenye bawaba imara zaidi, lakiri bora, mizani inayofanya kazi usiku na mkaguzi anayelipwa vizuri. Kisha aulize kama wanaotumia daftari wanaye mlinzi mmoja wanayemwamini wote. Wakiwa naye, seva yake yatosha, na ufuatiliaji wa kikanda ulioanza mwaka 2017 ni ushahidi wa hilo. Wasipokuwa naye, kwa mfano pale nchi mbili, kampuni ya bima na mwenye mzigo kila mmoja anamshuku mwenziwe, blokicheni inastahili gharama yake, ili mradi wote wakubali kushika nakala.

Pale Malaba, vyovyote mfumo utakavyokuwa, kazi moja haitaondoka. Afisa atasoma namba ya lakiri, ataitazama bawaba ya mlango kwa kurunzi, na akishuku atalifungua kontena na kuhesabu.