Vyombo vya Mtu wa Kompyuta

Mtu akipita Tandika au Mbagala, au upande wa pili wa mji katika Sinza na Kijitonyama, hawezi kwenda mbali asione kichumba kidogo kilichoandikwa mlangoni kwa rangi: "Tunachapa, tunatoa fotokopi, tunajaza fomu." Ndani pana meza, kompyuta moja au mbili, printa, na benchi la watu wanaongoja. Watu hao hawangoji mambo madogo. Huyu ameleta barua ya kuomba kazi. Yule ataka kuomba mkopo wa kusomea Chuo Kikuu, na mwisho wa kupokea maombi ni kesho. Mama yule ameleta hati ya kiwanja ili itolewe nakala. Kazi ya kijana aketiye mbele ya kompyuta ikiharibika, si yeye peke yake apataye hasara.

Siku moja mwanafunzi wangu wa darasa la saba aliniuliza, "Mwalimu, nami nikitaka kufanya kazi kama ile, ninunue kompyuta gani?" Nikamjibu, "Umeuliza swali la pili kabla ya la kwanza." Ukienda Keko, penye mafundi seremala wengi, utaona ya kuwa fundi hana msumeno tu. Ana tupa ya kuunolea, na jiliwa ya kubania mbao, na kitambaa chenye mafuta ili chuma kisishike kutu. Pasipo vitu hivyo msumeno mzuri huwa bati katika muda wa miezi michache. Kompyuta nayo ni vivyo hivyo. Aghalabu iiharibuyo kazi si kompyuta yenyewe, bali ni umeme uiingiao, na vumbi, na uzembe wa mwenyewe.

Nitaanza na umeme, maana hapo ndipo watu wengi hupotewa na kazi yao. Fahamuni kwanza ya kuwa kompyuta ina kumbukumbu za namna mbili. Moja ni kama ubao wa darasani: maneno uandikayo huwekwa hapo upesi, nayo hukaa maadam umeme wapita. Ya pili ni kama daftari: kilichoandikwa humo hakifutiki umeme ukizimika. Mtu abonyezapo neno "hifadhi," kompyuta hunakili mambo kutoka ubaoni na kuyatia daftarini. Programu nyingine za siku hizi hujinakilia zenyewe mara kwa mara, lakini si zote. Basi umeme ukikatika ghafula, ubao hufutwa mara moja, na mtu aliyeandika kurasa kumi bila kuhifadhi hubaki akikitazama kioo cheusi.

Umeme hukatika kwa sababu nyingi. Mwishoni mwa mwaka 2023 na mwanzoni mwa 2024 ulikuwa ukigawanywa kwa zamu nchini, kwa kuwa haukutosha. Kisha Februari 2024 mtambo wa kwanza wa Bwawa la Julius Nyerere, katika mto Rufiji, ulianza kuingiza umeme katika gridi. Na bwawa hilo lilijengwa ili litoe megawati 2,115. Lakini umeme mwingi huko Rufiji haumzuii mnazi kuangukia waya huko Mbagala wakati wa masika, wala hauzuii transfoma kuungua; tena uniti za LUKU zikikwisha, taa huzimika hata kama bwawa limejaa mpaka ukingoni.

Kwa hiyo, mwenye kompyuta ya mezani hana budi kununua kile chombo kiitwacho UPS. Ni sanduku zito lenye betri ndani. Umeme uwapo, betri hujazwa; umeme ukatikapo, sanduku hushika zamu kabla kompyuta haijazimika, na kupiga kelele ili kumwonya mtu. Watu wengi hudhani ya kuwa watafanya kazi kwa UPS mpaka usiku. Hebu tufanye hesabu. Betri ya UPS ndogo aghalabu imeandikwa volti 12 na ampea-saa 7. Zidisheni 12 kwa 7, mtapata wati-saa 84. Kompyuta na kioo chake zikila wati 100, hesabu yasema zitakaa dakika 50. Lakini betri ya risasi ikinyonywa upesi haitoi yote iliyo nayo, na sehemu ya nguvu hupotea kuwa joto. Tena betri huchakaa kila mwaka. Msitegemee hata nusu ya dakika zile. UPS ni ya kumpa mtu nafasi ya kumaliza sentensi, kuhifadhi, na kuzima kwa utaratibu. Wala msichomeke humo printa itumiayo unga wa tona, kwa kuwa huuyeyusha unga huo kwa joto, na joto hilo hutaka wati mamia kwa mara moja. UPS ndogo haiwezi mzigo huo.

Kompyuta mpakato, ambayo watu huiita laptopu, ina betri yake mwenyewe tumboni. Hiyo ndiyo sababu ya kwanza ya mimi kuipenda kwa mtu anayeanza kazi, kuliko ile ya mezani, ijapokuwa ya mezani ni rahisi zaidi kutengenezwa.

Kuna hatari nyingine ambayo watu hawaijali: umeme urudipo. Dakika ile majokofu na mapangaboi ya mtaa mzima huanza kuvuta pamoja, na nguvu ya umeme, ambayo yapasa kuwa volti 230, huweza kupanda na kushuka. Basi umeme ukikatika, chomoa. Ukirudi, ngoja dakika chache ndipo uchomeke. Radi ikipiga, chomoa vilevile. Jambo hili halina gharama hata senti moja.

Nimeona pia desturi mbaya, hata katika nyumba za watu waliosoma. Soketi zetu zina matundu matatu, kama za Waingereza. Tundu la juu ni la waya wa ardhini, ambao umeme ukipotea njia hupitia huo badala ya kupitia mwili wa mtu. Katika matundu mawili ya chini mna vifuniko vidogo, vilivyowekwa kusudi mtoto asitie msumari. Pini ndefu ya juu ndiyo ivifunguayo. Sasa mtu mwenye chaja ya pini mbili huchukua kalamu, akaisukuma katika tundu la juu ili vifuniko vifunguke, akachomeka chaja yake kwa nguvu. Pini hulegea ndani, hutoa cheche, na soketi huungua. Adapta nzuri ya pini tatu hupatikana Kariakoo kwa fedha kidogo. Nunueni hiyo, na kalamu ibaki kuwa ya kuandikia.

Katika habari ya chaja, someni maandiko madogo mgongoni mwake. Volti za chaja mpya lazima zilingane na za ile ya kwanza. Ampea zikiwa nyingi zaidi si neno, maana kompyuta huchukua kadiri ihitajivyo. Zikiwa chache, chaja hupata moto na kufa. Zile chaja mpya za tundu dogo la mviringo husemezana na kompyuta zenyewe na kupatana volti. Kwa hizo tazameni wati tu.

Sasa swali la mwanafunzi wangu. Kompyuta nyingi zinunuliwazo na vijana wa mjini kwetu ni za mtumba, zilizokwisha kutumika nchi za ng'ambo. Si aibu. Babu zenu walingoja hata hizo, kwa kuwa mwaka 1974 Serikali ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini, na marufuku hiyo ilidumu miaka mingi. Lakini mtumba hutazamwa. Iwasheni bila chaja, muone betri yashika dakika ngapi. Bonyezeni kila herufi. Funguni na kufunga kioo, msikilize bawaba. Kwa kazi za kila siku za kuandika, hesabu na intaneti, kumbukumbu ya ubao ya GB 8 yatosha, na kwa daftari chagueni diski ya SSD, ambayo haina sahani izungukayo ndani, na kwa hiyo huvumilia mitikisiko ya daladala kuliko diski za zamani. Ulizeni pia kama yaweza kupokea programu ya Windows 11. Kwa maana kampuni ya Microsoft ilikoma kutoa marekebisho ya kawaida ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Isipoweza, ziko programu za Linux, nazo ni za bure.

Nakala ni jambo ambalo nalijua kwa kuumia. Mwaka mmoja niliandika alama za wanafunzi wa madarasa matatu, jioni tatu mfululizo, nikaziweka katika flashi, wala sikuziweka mahali pengine. Jioni ya tatu flashi ilikuwa bado imechomekwa ubavuni mwa kompyuta. Mtoto wangu akapita mbio, mkono ukaigonga, ikapinda shingo. Haikusomeka tena. Nikawaendea walimu wenzangu mmoja mmoja kuomba madaftari yao ya alama. Mmoja alikuwa amekwisha hamia Lindi na mizigo yake. Wanafunzi kumi na mmoja wakafanya jaribio lile mara ya pili, siku za likizo, kwa kosa lisilo lao. Nyuso zao siku ile sikuzisahau.

Flashi ni kitu cha ajabu. Namna ile ya kumbukumbu ilibuniwa na Mjapani, Fujio Masuoka, wa kampuni ya Toshiba, naye aliitangaza mwaka 1984. Ndani yake mna vyumba vidogo mno visivyoonekana kwa macho, na chembe za umeme hufungiwa humo hata umeme wa nje ukiondoka. Lakini ni chombo cha kubebea, kama kikapu, si ghala. Tena flashi ipitayo kompyuta nyingi za mitaani huchukua virusi, kama mtu anywaye katika kila kikombe.

Kazi yenye thamani na iwe na nakala tatu: moja katika kompyuta, moja katika diski ya nje iwekwayo kabatini, na moja mbali na nyumba ile. Msidhani hiyo ya tatu ni anasa. Desemba 2011 mvua kubwa iliufurisha mto Msimbazi, na watu wa mabondeni walipotewa na kila kitu kilichokuwamo chumbani; kompyuta na diski zikiwa chumba kimoja huzama pamoja. Wengi huweka nakala ya mbali katika hifadhi ya intaneti, na ni vema. Lakini kumbukeni tarehe 12 Mei 2024, nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na SEACOM, zilipokatika, na intaneti ya Tanzania ikadorora sana. Aliyekuwa na nakala huko ng'ambo tu alingoja. Aliyekuwa na diski kabatini aliendelea na kazi.

Juu ya mwili nitasema kwa ufupi. Laptopu ina ila moja: kioo na herufi vimeshikamana, hata mtu huinama kama achambuaye mchele, na kufikia jioni shingo humwuma. Inueni kwa kibao au vitabu mpaka ukingo wa juu wa kioo uwe sawa na macho, kisha mnunue kibodi na kipanya vya pembeni. Kipanya si kitu kipya. Mmarekani Douglas Engelbart alikionyesha mbele ya watu mwaka 1968, na kile cha kwanza kabisa kilikuwa cha mti. Kiti kiwe cha kuufanya mkono ukunjike kiwikoni kama pembe ya mraba. Fundi wa Keko atakitengeneza, ukimpelekea vipimo. Na laptopu isiwekwe kitandani, maana godoro huziba matundu ya kutolea joto. Brashi laini ya kufagia vumbi itumike kila juma, hasa kwa wakaao kando ya barabara za mchanga.

Mwanafunzi yule alipomaliza shule hakuwa na fedha za vyote hivi. Alianza na laptopu ya mtumba, adapta, diski ya nje, na stuli ya kuazima. UPS aliinunua baadaye, alipoweka kompyuta ya mezani. Siku hizi ana kichumba chake Tandika. Mwezi uliopita nilikuwa nimeketi katika benchi lake, mbele yangu binti akijaziwa fomu ya mkopo, mara umeme ukakatika. UPS ikaanza kulia chini ya meza. Binti yule akashika kichwa. Mwanafunzi wangu hakusema neno. Akahifadhi, akawasha intaneti ya simu yake, akaituma fomu, akangoja mpaka jibu la kupokelewa likaonekana kiooni. Ndipo akaizima kompyuta, akachomoa waya, akatoka nje kukaa nasi barazani mpaka umeme urudi.