Kigawo Kikubwa Huwa Kidogo

Kila mwezi wa Julai watoto wa darasa la sita nchini Rwanda hufanya mtihani wa taifa wa kumaliza shule ya msingi. Hisabati ni mojawapo ya masomo matano yanayotahiniwa, na matokeo ndiyo yanayoamua shule ya sekondari atakayopangiwa mtoto. Huko Gikundamvura, katika wilaya ya Rusizi, sehemu iliyokuwa mkoa wa Cyangugu hadi ugawaji mpya wa mwaka 2006, mtoto huyo hunena Kinyarwanda nyumbani na husikia Kiswahili sokoni Bugarama. Lakini akifunua karatasi ya hisabati hukuta Kiingereza, lugha iliyofanywa ya kufundishia kwa uamuzi wa serikali wa mwaka 2008.

Basi mzazi asiyekijua Kiingereza, awe mkulima wa mpunga au askari aliyekuja nyumbani kwa likizo, hudhani kwamba hana msaada wowote wa kumpa mwanawe. Dhana hiyo si sahihi. Hesabu za mafumbo, hasa zile zinazohusu tabia za namba, haziwaangushi watoto kwa ugumu wa kuzidisha au kugawanya. Huwaangusha kwa sababu mtoto hukimbilia kalamu kabla hajajua ameulizwa nini. Na kujua ulichoulizwa ni jambo linaloweza kufundishwa kwa lugha yoyote, hata jikoni.

Nchini Tanzania, ambako shule za msingi za serikali zimefundisha hisabati kwa Kiswahili tangu mwaka 1967, yako majina mawili yanayofaa kuazimwa na nyumba za Rusizi. Namba igawanyayo nyingine bila ya kuacha baki huitwa kigawo. Namba igawanyikayo huitwa kigawe. Herufi moja tu ndiyo inayoyatenga majina hayo, na hapo ndipo mtego ulipo. Vigawo vya 12 ni 1, 2, 3, 4, 6 na 12, kisha vimekwisha. Vigawe vya 12 ni 12, 24, 36, 48, na kuendelea pasipo mwisho.

Kutokana na hayo hupatikana Kigawo Kikubwa cha Shirika, yaani KKS, na Kigawe Kidogo cha Shirika, yaani KDS. Chukua 90 na 72. KKS yake ni 18, na KDS yake ni 360. Tazama ajabu hii: kile kiitwacho kikubwa kimekuwa kidogo kuliko namba zote mbili, na kile kiitwacho kidogo kimezipita zote. Mtoto anayefuata jina peke yake atapotea.

Tuseme mama ana kilo 90 za mchele na kilo 72 za maharage. Ataka kuzitia katika mifuko yenye uzito sawa, bila ya kuchanganya na bila ya kubakiza hata punje, na kila mfuko uwe mzito kadiri iwezekanavyo. Hapa uzito wa mfuko ndio unaogawanya, kwa hiyo kitafutwacho ni kigawo: kilo 18. Mchele utajaza mifuko 5, maharage mifuko 4.

Mtungaji wa mtihani aweza kuligeuza swali hilo hilo aulize: idadi ndogo kabisa ya mifuko ni ngapi? Mtoto akiliona neno «ndogo» hukimbilia KDS na kuandika 360. Ni jibu la kuchekesha, kwa maana kilo zote pamoja ni 162 tu! Mifuko huwa michache pale inapokuwa mizito, kwa hiyo njia ni ile ile ya KKS, na jibu ni mifuko 9. Wale wanaowafundisha watoto kukariri kwamba «ndogo» ni KDS na «kubwa» ni KKS wanawadhuru.

Sasa tuwatazame askari wawili wa doria wanaopita katika daraja moja, wa kwanza kila baada ya dakika 45, wa pili kila baada ya dakika 60. Wamekutana hapo saa 12 asubuhi. Watakutana tena lini? Hapana kitu kinachokatwa vipande. Nyakati zinajirudia mpaka ziangukiane, basi kitafutwacho ni kigawe. KDS ya 45 na 60 ni 180, nazo ni saa tatu kamili. Watakutana saa 3 asubuhi.

Namba shufwa na witiri zina faida nyingine, nayo ni kulinda jibu. Akiambiwa kwamba namba tatu witiri zinazofuatana zina jumla ya 57, mtoto agawe kwa 3 apate ile ya katikati, 19. Nyingine ni 17 na 21. Akipata jumla iliyo shufwa ajue amekosea mahali, kwa kuwa witiri tatu hazijumlishwi zikawa shufwa.

Zinazosumbua zaidi ni hesabu za baki. Si ngeni duniani: kitabu cha Kichina kiitwacho Sunzi Suanjing, chenye umri wa miaka 1,500 na zaidi, chauliza ni vitu vingapi ambavyo vikihesabiwa kwa tatu hubaki 2, kwa tano hubaki 3, kwa saba hubaki 2. Jibu dogo kabisa ni 23.

Kwa nyumba ya askari mfano uko karibu. Kikosi kikijipanga kwa safu za watu 4, au 5, au 6, kila mara mtu mmoja hubaki nje. Wakijipanga kwa 7 hakuna abakiye. Ni wangapi, kwa uchache? KDS ya 4, 5 na 6 ni 60, basi idadi yao ni kigawe cha 60 na mmoja juu: 61, 121, 181, 241, 301. Ya kwanza kugawanyika kwa 7 ni 301.

Na ikiwa safu za 4 zinabakiza 3, za 5 zinabakiza 4, za 6 zinabakiza 5? Mtoto apewe punje za maharage azipange mwenyewe. Ataona kwamba kila mara amepungukiwa na punje moja tu ili safu ya mwisho itimie, na kwamba hesabu yake ni 59.