Kibali cha Ujenzi na Kura Yetu: Nani Anaamua Nyumba Ijengwe?



Baada ya Misa ya Jumapili, nje ya Katedrali ya Mtakatifu Antoni hapa Chumbageni, mazungumzo ya waamini hayakawii kufika kwenye viwanja. Mama mjane anataka kuongeza vyumba viwili uani apate kodi ya kusomesha watoto. Kijana aliyeanza kazi juzi amejenga msingi tu, na majani yameshaufunika. Wote wawili wana swali moja: nani hasa anaamua nyumba ijengwe au isijengwe, na kura yetu inaingia wapi?

Swali hili lina uzito kwa Tanga ya leo. Bomba la mafuta ghafi kutoka Hoima, Uganda, linaishia Chongoleani, ndani ya jiji letu. Kazi zikija, watu huja, na bei ya ardhi hupanda. Mwenye fedha hupata njia. Maskini ndiye hubaki nje. Ndiyo maana tumeona vema kueleza jambo hili hatua kwa hatua.

Kwingine hupigiwa kura

Tarehe 4 Novemba 2025, wapiga kura wa jiji la New York, Marekani, waliulizwa moja kwa moja kama utaratibu wa kuidhinisha nyumba ubadilishwe. Waliounga mkono walisema nyumba ni chache mno, na mradi wa nyumba za bei nafuu huweza kuzungushwa muda mrefu, kisha ukakwama kwa diwani mmoja tu. Waliopinga walisema kufupisha njia ni kumpunguzia diwani nguvu, na kupitia kwake kumpunguzia mkazi sauti. Mapendekezo ya nyumba yalipita.

Kwetu hakuna kura ya namna hiyo. Kura ya maoni tunaijua kwa mambo makubwa ya kikatiba, kama ile ya Zanzibar ya tarehe 31 Julai 2010 kuhusu Serikali ya Umoja wa Kitaifa. Lakini hii haina maana kwamba mwananchi hana neno. Ibara ya 146 ya Katiba yetu inasema serikali za mitaa zipo ili madaraka yawafikie wananchi, na ibara ya 21 inampa raia haki ya kushiriki katika maamuzi yanayomgusa.

Kibali hutoka wapi?

Kwanza tuondoe dhana moja potofu. Mwenyekiti wa mtaa hagawi viwanja wala hatoi kibali cha ujenzi. Anaweza kumtambulisha mkazi wake, lakini kibali ni kazi ya Halmashauri ya Jiji. Mwombaji hupeleka ramani ya nyumba pamoja na uthibitisho wa umiliki. Siku hizi maombi hupita pia kwenye mfumo wa TAUSI. Wataalamu wa ardhi, mipango miji, uhandisi na afya hupitia kila kitu: je, eneo hili ni la makazi? Je, ukuta utasimama? Choo kiko wapi, na maji ya mvua yatapita wapi?

Ardhi yenyewe, kwa Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999, ni mali ya umma chini ya udhamini wa Rais. Sisi tunamiliki haki ya kuitumia, na matumizi hayo mjini hupangwa kwa Sheria ya Mipango Miji ya mwaka 2007. Hapo ndipo wengi hukwama. Mahali pasipopangwa wala kupimwa, mtaalamu hana mchoro wa kulinganisha na ramani iliyo mezani. Mwenye nyumba huamua kujenga usiku na siku za mapumziko, kisha asubuhi moja hukuta ukuta umepigwa alama ya X nyekundu. Akiba ya miaka kumi iko hatarini. Sheria, hata hivyo, imeacha mlango: urasimishaji wa makazi, na leseni ya makazi inayompa mkaaji haki inayotambulika kwa muda maalum.

Haraka au uangalifu?

Wapo wanaosema taratibu zote hizi zipunguzwe. Wana hoja. Kibali kinachochelewa humwumiza zaidi asiye na fedha ya kusubiri, na ucheleweshaji ndio unaozaa rushwa. Lakini tukumbuke Machi 2013 jijini Dar es Salaam, jengo la ghorofa lililokuwa likijengwa lilipoanguka na kuua zaidi ya watu 30. Novemba 2024 jengo jingine lilianguka Kariakoo, na watu zaidi ya 20 walikufa. Ukaguzi ukifanywa kweli, huokoa uhai. Kwa hiyo tudai mambo mawili kwa pamoja: jibu litoke mapema, na ukaguzi uwe wa haki.

Kanisa linatufundisha nini?

Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika Gaudium et Spes, unataja makazi kati ya mahitaji ambayo kila binadamu anastahili kuyapata. Waraka huo huo unawakumbusha raia kwamba kura huru ni haki na pia wajibu, kwa ajili ya mafao ya wengi. Papa Fransisko, katika Laudato Si' ya mwaka 2015, alisisitiza kwamba wakaaji wa eneo wasikilizwe linapopangwa. Nayo kanuni ya auni, aliyoieleza Papa Pio XI mwaka 1931, inadai ngazi ya juu isinyakue kazi ambayo ngazi ya chini inaiweza. Lakini auni si kisingizio cha mtaa kuwafungia maskini mlango. Jirani anayepinga vyumba vya wapangaji kwa sababu tu hataki watu wa kipato cha chini karibu naye, ajiulize kama hayo ni mafao ya wengi au ni yake peke yake.

Kura yetu inaingia wapi?

Inaingia kwa milango mitatu. Wa kwanza ni uchaguzi wa serikali za mitaa, kama ule wa tarehe 27 Novemba 2024, ambao hufanyika kila baada ya miaka mitano. Wa pili ni uchaguzi wa diwani, kwa sababu madiwani ndio wanaoketi kwenye Halmashauri, huidhinisha bajeti, na huwabana wataalamu. Mgombea aulizwe waziwazi: maombi ya vibali yatajibiwa kwa muda gani? Upimaji wa maeneo yetu umetengewa fedha? Mlango wa tatu hauhitaji kungoja uchaguzi: ni mkutano wa mtaa, pamoja na nafasi ya kutoa maoni au pingamizi mpango wa eneo unapoandaliwa au matumizi ya kiwanja yanapotaka kubadilishwa. Mlango huu ndio tunaouacha wazi bila kuingia, halafu tunalalamika.

Kwa waseminari tuongeze neno. Sheria ya Kanisa, kanoni 285 na 287, inawazuia makleri kushika madaraka ya kiserikali na kushiriki kikamilifu katika vyama vya siasa. Haiwazuii kupiga kura, wala kumsaidia mwamini kuielewa sheria. Frateri akiwa kwenye utume wa kichungaji asimwambie mtu ampigie nani. Amsaidie kujua la kuuliza.

Tunapendekeza Jumuiya Ndogo Ndogo zetu zitenge jioni moja kwa jambo hili. Kila familia ilete karatasi za kiwanja chake, kisha zisomwe pamoja na mtu anayezielewa. Asiye na karatasi aandikwe, na Jumuiya imsindikize ofisini. Mjane wetu akienda peke yake huambiwa arudi kesho. Akienda na wenzake watano, na wote wanajua wanachokiomba, ni vigumu kumrudisha.