Shilingi 5,000 Hazitoshi

Tangu Septemba 2023, Kenya ina wahamasishaji wa afya ya jamii wapatao 100,000, kila mmoja akihudumia takriban kaya 100. Posho yao ni shilingi 5,000 kwa mwezi, nusu kutoka serikali kuu, nusu kutoka kaunti; kaunti ikichelewa, nusu hiyo hukwama. Kwa siku haifiki hata shilingi 170. Ipandishwe. Wapo wanaosema hii ni kazi ya kujitolea, lakini anayepita nyumba hadi nyumba akipima presha, sukari na utapiamlo, kisha akaingiza taarifa kwenye simu aliyopewa na serikali, ni mfanyakazi. Hazina ni finyu, kweli. Ila presha isiyogunduliwa nyumbani huja kulipiwa hospitalini kama kiharusi au usafishaji wa figo, kwa gharama kubwa zaidi.